Umakinifu, Shukrani na Uandishi Katika Kaya: Kijitabu cha Afya ya Akili kwa Familia za Ololosokwan

Utangulizi

Ololosokwan ni kijiji cha tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa magharibi na nchi ya Kenya upande wa kaskazini, na wakazi wake wengi ni Wamasai wanaotegemea mifugo. Ukame unaodhoofisha ng'ombe, mvutano wa muda mrefu juu ya ardhi ya malisho na vijana wanaoondoka kwenda kutafuta kazi mijini ni mizigo inayoweza kuitaabisha akili kabla haijaonekana mwilini. Kijitabu hiki kinaeleza mazoea matatu yanayosaidia kuubeba mzigo huo, nayo ni umakinifu, shukrani na uandishi, na kinasisitiza kwamba yote yanaweza kufanywa na kaya nzima, bila kumwacha nje mtu yeyote kwa sababu hajui kusoma.

Msongo wa mawazo

Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kujiweka tayari kukabili tishio, ambapo moyo huenda mbio, misuli hukaza na usingizi hupungua. Tishio likipita, mwili hutulia. Lakini tishio lisilokoma, kama vile kiangazi kinachorefuka, huuweka mwili katika tahadhari ya kudumu, na hapo huzuka maumivu ya kichwa, ukali kwa watoto na wakati mwingine ulevi.

Umakinifu

Umakinifu ni hali ya mtu kuelekeza fikra kwa makusudi katika jambo analolifanya wakati huo, na kuzirejesha kwa upole kila zinapotangatanga, pasipo kujilaumu. Mazoezi haya yana asili katika mafunzo ya kale ya Kibudha, na mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika matibabu kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukabili msongo, wenye mazoezi ya umakinifu ndani yake, ulijaribiwa kwa wanawake 694 waliokimbia vita vya Sudan Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Waliopewa mpango huo walikusanyika mara 5 kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa pamoja na kutazama kitabu cha picha, na baada ya miezi 3 dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuupitia. Nafuu hiyo haikuwa kubwa mno, lakini inaonyesha kwamba mazoezi haya yanaweza kufundishwa hata pale ambapo wengi hawasomi.

Bomani, zoezi hili halihitaji muda wa ziada. Mama anayesafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzaituni mwitu, ambao Wamasai huuita oloirien, anaweza kuiweka akili yake yote katika kazi hiyo kwa dakika chache: joto la kibuyu mikononi, harufu ya moshi, mkwaruzo wa mkaa ndani yake. Mchungaji naye anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuzisikiliza kengele za ng'ombe moja baada ya nyingine. Aliyepitia tukio la kutisha asilazimishwe kufumba macho wala kufuatilia pumzi, kwa kuwa kumbukumbu mbaya zinaweza kumjia. Inafaa abaki na macho wazi na kuhisi ardhi chini ya nyayo zake.

Shukrani

Shukrani inayozungumziwa hapa ni tendo la kutambua wema uliopatikana na kumtaja aliyeutenda. Mwaka 2003 watafiti Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambamo watu walioandika kila wiki mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa matumaini zaidi kuliko walioandika kero.

Jamii ya Kimasai ina msingi imara wa jambo hili, kwani wazee hutoa baraka kwa kutaja mema wanayoyaombea watu na mifugo, na wasikilizaji huitikia kila tamko. Kaya inaweza kuongeza desturi ndogo ya jioni, ambapo kila mmoja hutaja jambo moja jema la siku hiyo pamoja na mtu aliyelifanikisha, ili kazi zisizosifiwa, kama vile kuteka maji mbali au kukesha na ndama mgonjwa, zipate kutajwa kwa jina la aliyezifanya. Hata hivyo, familia iliyopoteza mifugo isiambiwe ishukuru ili inyamaze. Huzuni ina haki yake, na shukrani ya kulazimishwa huongeza uchungu.

Uandishi

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi walioandika kwa dakika 15 kwa siku 4 mfululizo juu ya matukio yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika, wengi walihisi huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wengine. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo kwa kawaida ni ndogo na haimfikii kila mtu. Inadhaniwa kwamba kuandika husaidia kwa sababu huyapanga mawazo yaliyotawanyika yakawa simulizi yenye mwanzo na mwisho.

Asiyejua kuandika anaweza kuwa msimulizi, na kijana aliyesoma akawa mwandishi wake. Mwandishi huandika maneno kama yalivyotamkwa, kwa Kimaasai au Kiswahili, bila kuyasahihisha. Humsomea msimulizi, na msimulizi ndiye anayeamua kama karatasi itunzwe au ichomwe. Mtoto asifanywe mwandishi wa ugomvi wa wazazi wala wa siri zinazomzidi umri, na daftari la mtu lisifunguliwe bila ruhusa yake.

Mipaka ya mazoea haya

Mazoea haya hayachukui nafasi ya tiba, chakula wala haki. Mtu ambaye kwa wiki 2 au zaidi anakosa usingizi, hali chakula, anajitenga au hawezi kufanya kazi zake, pamoja na mama aliyejifungua anayelia bila kukoma, apelekwe zahanati, na ikibidi Hospitali ya Wasso. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na dawa za kuogeshea mifugo ziwekwe mbali naye wakati msaada unatafutwa. Mtoto aliye hatarini anaweza kusaidiwa kwa kupiga simu namba 116 bila malipo. Kumsindikiza mgonjwa wa akili hospitali hakuna aibu yoyote. Ni wajibu wa kaya, sawa na kumsindikiza aliyevunjika mguu.