Dondoo muhimu: Anza na Simba wa zamani

Mzazi wa Ruanda au Tunduma unayetaka kumwonyesha mwanao The Lion King, anza na ile ya 1994. Imechorwa kwa mkono, nyuso za wanyama zinaonyesha hisia waziwazi, na inakwisha ndani ya dakika 88. Ya 2019 huchukua dakika 118. Simba wake wa kompyuta wanafanana mno na wa kweli, na mtoto mdogo huenda akaogopa. Mufasa ya 2024 ije mwisho, ingawa inasimulia yaliyotangulia.

Usimwache mwanao atazame peke yake kifo cha Mufasa, baba yake Simba. Kaa naye, umjibu maswali.

Filamu iliyotafsiriwa na DJ, kama zile za kibanda umiza, ina utamu wake, ila sauti ya msimulizi hufunika nyimbo. Iwe ya marudio.