AFYA YETU: Majivu Huponya Gesi Iliyochachuka

Moshi wa kuni huumiza macho na kifua. Mama na mtoto aliye mgongoni huuvuta zaidi. Gesi ya samadi haina moshi huo. Tangu miaka ya 1980, CAMARTEC ya Arusha imeeneza mitambo yake nchini.

Mtambo hula pia mabaki ya chakula, kama ugali na maganda ya ndizi. Lakini mabaki yakizidi, huchachuka upesi kama togwa. Vijidudu vinavyotengeneza gesi haviwezi kuishi katika uchachu. Moto hufifia. Mama hurudi kwenye mafiga na moshi.

Majivu hupunguza uchachu, kama magadi. Wewe wa Bulwa unaishi kati ya mashamba ya chai. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni. Majivu yake yanafaa.

Fanya hivi:
1. Acha kulisha mtambo siku chache.
2. Chekecha majivu ya kuni tupu.
3. Koroga konzi moja katika ndoo ya maji, umimine.
4. Ngoja siku tatu. Moto ukiwa bado dhaifu, rudia. Usizidishe, majivu mengi nayo huua vijidudu.
5. Anza tena kidogo kidogo, ukichanganya mabaki na samadi ya ng'ombe.

Jihadhari! Majivu ya plastiki, betri au mbao za rangi yana sumu. Majivu mabichi huchoma ngozi na macho. Usiingie ndani ya mtambo, gesi huua.

Maswali: Kwa nini mtambo huchachuka? Majivu gani hayafai?