Mbolea ya Maji, Hewa na Jua

Mwaka wa 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, baba alinunua mmoja badala ya mitatu. Mahindi yaliyokosa yakawa manjano, na karo yangu ikachelewa. Kwa hivyo mwalimu wa kemia alipotaja amonia, mimi sikusinzia!

Hewa tuvutayo ina naitrojeni asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuitumia hivyo hivyo. Njia ya kiwandani ni kuiunganisha na haidrojeni iwe amonia, nayo amonia ndiyo hutengenezewa mbolea. Fritz Haber, mwanakemia Mjerumani, alionyesha jambo hili mwaka wa 1909, naye Carl Bosch akalipeleka kiwandani. Gesi hizo mbili hushindiliwa kwa nguvu nyingi, zikapashwa moto wa nyuzi 400 au zaidi, na kupitishwa juu ya kichocheo cha chuma.

Je, haidrojeni yatoka wapi? Hapo ndipo penye maneno. Viwanda vingi huitoa katika gesi asilia au makaa ya mawe, na hewa chafu itokayo huzidisha joto duniani. Haidrojeni ya kijani (si rangi jamani, gesi yenyewe haina rangi!) hupatikana kwa kupitisha stima katika maji. Haidrojeni hutokea upande wa kathodi, oksijeni upande wa anodi. Kilo 9 za maji hutoa kilo 1 ya haidrojeni. Stima yenyewe sharti itoke kwa jua, upepo, mito au mvuke wa ardhini.

Nilipomweleza baba likizoni, aliuliza tu, "Mfuko utakuwa pesa ngapi?" Tukachukua karatasi. Kilo 17 za amonia zina kilo 3 za haidrojeni, na kila kilo ya haidrojeni hula yuniti 50 za stima au zaidi. Hizo ni yuniti 150. Tukikisia shilingi 20 kwa yuniti, stima peke yake ni shilingi 3,000! Baba akacheka, akarudi kwa ng'ombe wake.

Lakini kiwanda hakihitaji kununua stima kwa bei yetu ya nyumbani. Kule Olkaria, usiku watu wakilala, matumizi hushuka na mvuke mwingine huachiliwa ukapotea bure. Serikali ilitoa mpango wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023. Nako Morendat, karibu na Naivasha, kampuni ya Talus Renewables iliweka mtambo mdogo wa nguvu za jua shambani, uliokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku.