Motere Ndogo kwa Muzigo Muzito: Namna ya Kuchagua



Sisi wa mwaka wa sita tunatayarisha kazi yetu ya mwisho: mashini ndogo ya kupandisha ndoo ya muchanga, meta 3 kwenda juu, kwa kusaidia watu wanaojenga. Feza ambayo wazazi walitoa inatosha motere moja tu. Tukichagua vibaya, hakuna ya pili. Tena ile ndoo itaning'inia juu ya vichwa vya watu. Mukutano wa kuchagua ni Jumamosi, na tayari nasikia wengi wanasema: "Tununue ile yenye nguvu." Nguvu gani?

Watu wanachanganya vitu viwili. Kimoja ni nguvu ya kuzungusha, ile ambayo katika somo la fizikia tunaita kuple, na tunaipima kwa nyutoni-meta. Kingine ni wati, yaani kazi inayofanyika kila segonde. Chukueni motere mbili za wati 15. Ya kwanza inazunguka mara 6000 kwa dakika: kuple yake haifiki hata nyutoni-meta 0,03, unaisimamisha kwa vidole. Ya pili inazunguka mara 45 tu: kuple yake inapita 3, na ukijaribu kuishika itakupotosha mukono. Wati ni zile zile. Magurudumu ya meno njo yanafanya tofauti: unatoa mbio, unapata kuple. Wati haziongezeki hata kidogo, tena nyingine zinapotea njiani kwa kusuguana.

Basi tuhesabu muzigo wetu kwanza, kabla ya kwenda sokoni. Ndoo na muchanga ni kilo 10, yaani karibu nyutoni 98. Kigogo cha kuviringia kamba kiwe na sentimeta 3 toka katikati mpaka pembeni. 98 mara 0,03 ni karibu 3. Hiyo njo kuple tunayohitaji. Wanaotaka kigogo kikubwa ili ndoo ipande mbio, waangalie: kwa sentimeta 9 tunahitaji kuple mara tatu. Hata kamba yenyewe inaweza kutudanganya, sababu ikijiviringa juu ya kamba nyingine, kigogo kimenenepa. Meta 3 ni mizunguko 16. Kwa kamba ya milimeta 6, kigogo kiwe na urefu wa sentimeta 10 hivi, ili yote ilale mustari mumoja.

Motere ambayo mimi naitaka ni ya esuiglasi, ile inayopanguza kioo cha gari mvua ikinyesha. (Mary Anderson wa Marekani, aliyepata hati ya kipanguza-kioo chake katika mwaka 1903, alikizungusha kwa mukono, motere ilikuja nyuma.) Ni ndogo, inakula volti 12 za batri, na katika gari nyingi inazunguka karibu mara 45 kwa dakika katika mwendo wa pole. Kwa kigogo chetu, ndoo itapanda sentimeta 14 kwa segonde, yaani segonde 21 hivi mpaka juu. Hesabu inatoa wati 14 za kuinua. Lakini nusu au zaidi inapotea ndani ya motere na meno yake, kwa hiyo tutegemee ampere 3 au 4.

Wengine wanasema demarere. Ni kweli, ile inasukuma moteri nzima ya gari. Lakini inafanya vile kwa segonde chache, na inakula ampere zaidi ya mia. Ukiiacha dakika mbili, itaungua. Ya vantilateri nayo iko na mbio bila kuple.

Muuzaji akitaja kuple kubwa, mara nyingi anataja ile ya motere iliyozuiliwa kabisa. Pale kuple ni kubwa kuliko zote, lakini hakuna kazi inayofanyika: umeme wote unageuka moto. Kwa hiyo tuombe kujaribu mbele ya kulipa. Tufunge chuma cha sentimeta 20 kwenye shimo la motere, kisha mizani ya kuvuta kwenye ncha yake, na tuwashe segonde mbili tu. Mizani ikionyesha kilo 5, ni nyutoni-meta karibu 10, mara tatu ya haja yetu. Chini ya hapo tuiache, hata ikiwa ya bei rahisi.

Sababu yangu kubwa iko ndani ya meno. Motere ya esuiglasi iko na vise inayosukuma gurudumu, ile Wafaransa wanaita vise isiyo na mwisho. Inapoteza wati nyingi, lakini mara nyingi muzigo hauwezi kuirudisha nyuma, hata batri ikikatika. Kuna nyingine ambazo gurudumu moja la katikati linazungukwa na matatu. Zinapoteza kidogo, ni fupi na nzuri sana, lakini umeme ukikatika ndoo inashuka yenyewe. Hata kwa vise tusitegemee yenyewe tu, maana mutikisiko unaweza kuilegeza. Kwenye kigogo tuweke gurudumu la meno na kidole cha chuma cha kulizuia.

Mwenye mizani ya kupimia samaki nyumbani, ailete Jumamosi.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita