NYOTA CHANGA NA NURU ISIYOONEKANA

Ndugu zetu, katika darasa letu la Ziwani, Nairobi, kijana mmoja alituuliza: "Sheikh, wataalamu wasema nyota huzaliwa ndani ya wingu zito. Wamezionaje, hali jicho halipenyi humo?" Sisi tulimkemea, tukasema hayo ni mambo ya wapiga ramli. Tulikosea, na yatupasa kulisahihisha kosa letu hadharani. Ramli ni kudai kujua ghaibu. Ilmu ya falaki ni kutazama na kupima.

Jawabu lake ni hili. Sogeza mkono karibu na pasi iliyotiwa makaa. Chuma hakitoi mwanga, lakini mkono wahisi joto. Joto hilo nalo ni nuru, ila mawimbi yake ni marefu kuliko ya nuru tuionayo. Aliyeigundua, kwa kipimajoto, ni William Herschel, mwaka 1800. Vumbi la wingu huizuia nuru ya macho, bali mawimbi haya marefu hupenya.

Nyota changa huvuta gesi iliyoizunguka, na sehemu ya gesi hurushwa nje kwa pande mbili. Ikigonga gesi iliyo mbele yake, haidrojeni hupata moto, ikatoa nuru hiyo isiyoonekana. Tena killa gesi ina alama yake katika nuru, kama killa mtu alivyo na sauti yake. Kwa alama hizo hujulikana ni gesi gani, na yaenda kwa kasi gani.

Mwaka 2023 ilitolewa picha ya darubini ya James Webb ikionyesha HH 211, gesi itokayo kwa nyota changa iliyo mbali nasi kadiri ya miaka 1,000 ya mwendo wa nuru. Karibu na nyota, gesi hiyo ilipimwa ikienda kilomita 80 mpaka 100 kwa sekunde. Rangi za picha zimetiwa na watu ili macho yafahamu. Gesi yenyewe ni kweli.

Wala jambo hili si geni kwa pwani yetu. Darubini hiyo iliporushwa, tarehe 25 Desemba 2021, kituo cha Malindi kilisaidia kupokea khabari zake katika saa za mwanzo.

Basi wazazi na walimu, mtoto akiuliza khabari za nyota asikemewe. Yule kijana alitaka kujua. Sisi ndio tuliokuwa hatujui, tukaona haya kusema hivyo. Tumemwomba radhi, na sasa tumemjibu.

Wallahu a'alam.