Lenzi ya Almasi kwa Miali ya Eksirei

Mwanafunzi asimamaye ufukoni mwa Ziwa Victoria, Bukoba au Muleba, huona kasia lililotiwa majini kana kwamba limevunjika. Nuru hupinda itokapo majini kuingia hewani. Na kwa kupinda huko, lenzi ya glasi iliyobinuka hukusanya nuru mahali pamoja. Je, eksirei nazo zaweza kukusanywa?

Röntgen, aliyezigundua mwaka 1895, alizipitisha katika prizimu ya maji na katika lenzi za glasi na eboniti. Hakuona zikipinda, akahitimisha kwamba lenzi haziwezi kuzikusanya. Hata leo picha ya mfupa ipigwayo hospitalini ni kivuli tu, kisichotumia lenzi.

Kumbe eksirei hupinda, ila kidogo mno, tena kinyume cha nuru. Kipimo cha kupinda cha almasi kwa nuru ni 2.4, kwa eksirei za elektronivolti 10,000 ni pungufu ya 1 kwa takriban 0.0000073. Kwa hiyo lenzi ya kuzikusanya sharti iwe imebonyea, na lenzi nyingi zipangwe mstari mmoja. Mwaka 1996, huko Grenoble, Ufaransa, watafiti walifaulu kwa matundu 30 yaliyotobolewa katika aluminiamu.

Tukokotoe. Kwa lenzi iliyobonyea pande zote mbili:

f = R ÷ (2 × N × d)

f ni urefu wa fokasi, R ni nusu kipenyo cha mbonyeo, N ni idadi ya lenzi, na d ni ule upungufu. Ikiwa R ni milimeta 0.1, lenzi moja ya almasi ina fokasi ya karibu meta 6.8; lenzi 10, karibu sentimeta 68.

Almasi ni kaboni, elementi nyepesi ifyonzayo eksirei kidogo. Hupitisha joto takriban mara 5 kuliko shaba, hivyo hustahimili miali mikali ya mashine ziitwazo sinkrotroni. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, ni kaboni hiyo hiyo, lakini kwa lenzi hupendelewa ile iliyokuzwa maabarani, ambayo fuwele yake yaweza kufanywa safi zaidi. Leza huchonga mbonyeo, kisha unga wa almasi huulainisha. Ili kuipima lenzi, ukingo mkali hupitishwa polepole kwenye fokasi. Miali ikikatika ghafula, nukta ni ndogo na lenzi ni njema. Ikififia taratibu, lenzi ina kasoro.

Mwalimu awaonye wanafunzi wake kwamba "sikuona" si sawa na "hakuna". Vyombo vya Röntgen havikuweza kupima mpindo mdogo kiasi hicho.

Zoezi: Lenzi ngapi zahitajika ili fokasi iwe sentimeta 34?