Mzee Hasikii au Hataki Kusikia? Fahamu Jinsi Sikio Linavyofanya Kazi na Linavyochakaa

Katika nyumba nyingi, dalili ya kwanza ya kupungua kwa uwezo wa kusikia huchukuliwa kuwa tabia mbaya. Mzee akiitwa haitiki, akiulizwa hili anajibu lile, na redio anaifungulia hadi majirani wanaisikia. Familia husema amekuwa mkaidi au akili imeanza kumpotea. Kabla ya kufikia uamuzi huo, apelekwe kupimwa masikio.

Tatizo hili si dogo. Katika ripoti yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Milioni 430 kati yao wana upungufu mkubwa unaohitaji huduma maalumu. Kila tarehe 3 Machi, ulimwengu huadhimisha Siku ya Usikivu Duniani.

Safari ya sauti

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio la nje huukusanya na kuuelekeza kwenye ngoma ya sikio, ambayo ni utando mwembamba. Nyuma ya ngoma hiyo, katika sikio la kati, kuna mifupa mitatu midogo: nyundo, fuawe na kikuku. Mifupa hii hupokezana mtikisiko na kuuongezea nguvu, kisha kuufikisha katika sikio la ndani.

Huko ndani kuna mrija uliojiviringa kama gamba la konokono na kujaa majimaji. Una seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Majimaji yakitikisika, vinyweleo huinama, na seli hizo hutoa ishara za umeme ambazo neva huzipeleka kwenye ubongo. Seli zilizo karibu na mlango wa mrija hupokea sauti nyembamba kama ya filimbi. Zilizo mwisho wa mrija hupokea sauti nzito kama ya ngoma.

Mtu huzaliwa na seli hizi zote, na zikifa hazimei tena. Ndiyo sababu kuzilinda ni muhimu kuliko kusubiri matibabu.

"Nasikia, lakini sielewi"

Kadiri umri unavyosonga, seli za karibu na mlango ndizo huchakaa kwanza. Hivyo mzee hupoteza sauti nyembamba huku zile nzito akizisikia vizuri. Irabu kama "a" na "o" zina sauti nzito na yenye nguvu, lakini "s", "f", "sh" na "t" ni nyembamba na hafifu. Mzee atajua kwamba mtu anazungumza, lakini maneno hayatamfikia yakiwa kamili.

Chukua maneno "sita" na "tisa". Irabu zake ni zilezile, na konsonanti ndizo zinazoyatenganisha. Anayeambiwa arudi kliniki saa sita anaweza kufika saa tisa. Vivyo hivyo, anayepewa maelezo ya dawa dirishani anaweza kuitikia kwa kichwa na kuondoka bila kujua ameze vidonge vingapi.

Kumpigia kelele hakusaidii sana, kwa kuwa huongeza nguvu ya irabu alizokuwa akizisikia tayari. Afadhali kumkaribia, kumtazama usoni, kuzima redio na kuzungumza polepole. Maelezo ya dawa yaandikwe, kisha aombwe kuyarudia.

Anayeachwa nje ya mazungumzo hatimaye hujitenga na watu. Utafiti pia umehusisha upungufu wa kusikia usiotibiwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Si uzee peke yake

Baadhi ya matatizo hutibika. Nta iliyoziba sikio huondolewa na mhudumu wa afya. Usaha unaotoka sikioni, hasa kwa watoto, ni dalili ya maambukizi ambayo yakipuuzwa hutoboa ngoma ya sikio. Usitie mafuta, maji ya majani, njiti ya kiberiti wala kijiti cha pamba.

Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo vinaweza kuharibu sikio la ndani. Rubela ikimpata mama mjamzito inaweza kusababisha mtoto azaliwe kiziwi. Nchini Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Zipo pia dawa zinazoweza kudhuru usikivu, zikiwemo jentamaisini na baadhi ya sindano za kifua kikuu sugu. Mgonjwa akisikia mvumo masikioni amweleze daktari mara moja, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kelele nazo huua seli kimyakimya. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Mafundi wa jua kali, wasagaji nafaka na wanaotumia misumeno ya injini wanahitaji vizibo vya masikio. Vijana wanaotumia vipokea sauti vya masikioni wapunguze sauti na kuyapumzisha masikio mara kwa mara. Sheria rahisi ni hii: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru.

Uende hospitalini lini?

Sikio likiziba ghafla kwa saa chache au siku mbili tatu, hata kama hakuna maumivu, hiyo ni dharura. Mwone daktari siku hiyohiyo, kwa maana matibabu yakichelewa nafasi ya kupona hupungua.

Kwa tatizo linalokuja polepole, anzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu atachunguza sikio, na ikibidi atakuelekeza kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kifaa cha kusaidia kusikia hakirudishi seli zilizokufa, lakini humsaidia mzee kurejea katika mazungumzo, na huzaa matunda zaidi kikianza kutumiwa mapema.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanapotembelea nyumba wanaweza kuuliza swali moja: kuna mtu hapa anayeomba maneno yarudiwe kila mara? Likijibiwa ndiyo, mtu huyo aelekezwe kupimwa.